Kumbukumbu, Akiba na Hifadhi: Historia ya Istilahi za Kuwekea Data, kwa Mifano ya Mkoa wa Mara

Utangulizi

Katika barua za ofisi, katika zabuni za vifaa na katika vitabu vya somo la kompyuta, kuna neno moja linalobebeshwa mizigo miwili. Neno hilo ni kumbukumbu. Fundi akisema kwamba kompyuta ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, anakusudia mahali ambapo kompyuta hufanyia kazi wakati umeme unapowaka. Karani akisema kwamba kumbukumbu ya kompyuta imejaa, aghalabu anakusudia diski ambamo majalada yake yamewekwa. Wote wawili wasema Kiswahili, na kila mmoja aeleweka na wenzake. Lakini wakiandikiana barua ya kununua kifaa, fedha ya umma yaweza kununua kitu kisichohitajiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mizigo hiyo miwili ilivyokutana juu ya neno moja, na jinsi inavyoweza kutenganishwa. Ili jambo lisibaki hewani, tumechagua kazi moja ya siku hizi ambamo kosa la neno huonekana upesi, nayo ni kuongeza diski ya nje kwenye kompyuta mpakato inayoendesha kompyuta nyingine za kuigwa ndani yake. Mifano yetu tumeichukua Musoma, Bunda na Butiama. Huko maneno mashine, hifadhi na mgeni yana maana nzito za kila siku, ambazo mwunda istilahi hawezi kuzipita bila kuziamkia. Aidha, mkoa huo una nafasi yake katika historia ya elimu na ya lugha nchini, kama tutakavyoona.

Kinu na ghala

Katika miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage alibuni mashine ya kukokotoa ambayo hakuwahi kuimaliza. Aliigawa katika sehemu kuu mbili. Sehemu ya kufanyia hesabu aliipa jina lenye maana ya kinu cha kusagia. Sehemu ya kuwekea tarakimu, zile zinazosubiri kusagwa na zile zilizokwisha kusagwa, aliipa jina lenye maana ya ghala.

Kwa msomaji wa Bunda au Butiama mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Kijijini mtu akisema kwamba anakwenda mashineni, hapana anayemwuliza ni mashine gani. Ni ile ya kusaga nafaka. Nafaka hutolewa katika kihenge au guniani, hubebwa kichwani au kwa baiskeli, humiminwa katika mdomo wa mashine, na unga hutokea upande wa pili. Nafaka iliyomo mdomoni mwa mashine ni kidogo, nayo hukaa kwa muda mfupi tu. Iliyomo kihengeni ni nyingi, nayo hukaa msimu mzima. Hapana mama anayevichanganya viwili hivi. Kadhalika hapana anayefikiri kwamba akijenga kihenge cha pili, mashine itasaga upesi zaidi.

Kompyuta nayo ina mahali pa namna mbili. Pa kwanza ni padogo, ni pepesi mno, na aghalabu yaliyomo hupotea umeme unapokatika. Hapo ndipo programu inayofanya kazi huweka vitu vyake kwa wakati ule. Pa pili ni pakubwa zaidi na pazito zaidi, lakini yaliyowekwa hapo hubaki hata kompyuta ikizimwa. Babbage alikwisha kuona haja ya kutenga mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuwekea, ingawa mpaka tunaouzungumzia hapa, baina ya kilichomo mdomoni na kilichomo kihengeni, ulidhihirika baadaye kompyuta za umeme zilipoanza kutumiwa.

Mwaka wa 1945 John von Neumann, katika ripoti yake juu ya kompyuta iliyoitwa EDVAC, alizifananisha sehemu za kompyuta na mfumo wa fahamu wa binadamu, naye akatumia neno lenye maana ya kumbukumbu. Waingereza waliendelea kwa miaka mingi kusema ghala, na diski na kanda wakaziita ghala la nyuma. Lakini mfano wa ubongo ulienea duniani pamoja na kompyuta za Kimarekani. Kiswahili kilipoanza kuhitaji istilahi hizi kwa wingi, mfano wa ubongo ulikuwa umekwisha kuushinda mfano wa kinu. Kwa hiyo tulirithi kumbukumbu. Neno lenyewe halina ila. Ila iko katika kulitumia kwa kihenge na kwa mdomo wa mashine sawasawa.

Tangu 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, ya kampuni ya Kiingereza. Mashine za aina hiyo zilikuwa na nafasi ya kufanyia kazi isiyozidi herufi elfu 40. Kompyuta mpakato ya kawaida ya leo, yenye gigabaiti 8, ina nafasi kama hiyo mara laki mbili. Kwa kuwa nafasi ya ndani ilikuwa finyu kiasi hicho, kompyuta za enzi hizo zilitegemea kadi zilizotobolewa na kanda za sumaku. Ndiyo kusema kwamba hifadhi ya nje si jambo jipya lililoletwa na vijana wenye kompyuta za mapajani. Kompyuta zilipoanza kutumiwa nchini, hifadhi ya nje ilikuwa ndiyo desturi.

Mwaka wa 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka huo. Kisha ukafika mwaka wa 1974, ambao wahusika wa istilahi yafaa waukumbuke kwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba Baraza lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, ili ofisi, shule na mahakama zipate orodha za maneno yaliyokubaliwa. La pili ni kwamba Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, kwa kuwa ziligharimu fedha nyingi za kigeni na kazi ya hesabu za Serikali kwa kompyuta haikuleta matokeo yaliyotarajiwa. La tatu ni kwamba mwezi wa Novemba Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977 na lililosisitiza kwamba elimu ni kazi.

Mambo haya matatu hayakupangwa pamoja, lakini matokeo yake yalikutana. Azimio la Musoma lilizaa mamilioni ya wasomaji wa Kiswahili. Tafsiri Sanifu ziliwapa wasomaji hao maneno ya utawala, ya sheria na ya sayansi. Lakini kompyuta haikuwapo mezani ili iombe majina. Marufuku yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 kompyuta zikaingia kwa wingi. Ziliingia pamoja na vitabu vyake vya Kiingereza na mafundi waliojifunza kwa Kiingereza, huku orodha zetu zikiwa nyuma. Twaona kwamba hapa ndipo palipoanza tofauti tuliyo nayo leo baina ya lugha ya fundi na lugha ya barua.

Lugha ya fundi na lugha ya barua

Kwa mafundi wa Musoma, kama kwa mafundi wa miji mingine nchini, yasikika maneno ramu, hadi diski, eksteno, flashi na jibii. Mwalimu wa Kiswahili akiyasikia maneno haya huenda akakunja uso. Lakini hebu na ayatazame kwa makini. Fundi anayesema ramu hawezi kueleweka kuwa anataka diski, na anayesema eksteno hawezi kupewa ramu. Ijapokuwa maneno yake ni ya kukopa, yana mpaka. Barua ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri, ikiomba kuongezewa kumbukumbu za kompyuta, haina mpaka huo. Istilahi sanifu isiyotenga vitu ambavyo lugha ya mtaani imekwisha kuvitenga haijatimiza wajibu wake.

Zaidi ya hayo, kwa mtumishi wa Serikali neno kumbukumbu lina mzigo wa tatu. Kuna kumbukumbu za mkutano, kuna masjala yenye kumbukumbu za ofisi, na kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake inaongozwa na Sheria Na. 3 ya 2002. Hapa kumbukumbu ni maandishi yenyewe. Mtu akiandika kwamba kumbukumbu zihamishiwe katika kumbukumbu ya nje kwa kuwa kumbukumbu ya kompyuta ni ndogo, ameandika sentensi ambayo sarufi yake ni safi na maana yake ni kiza.

Watafsiri wa programu walikwisha kuanza kulitatua jambo hili kimyakimya. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Katika programu zilizotafsiriwa tangu miaka hiyo, amri ya kuiweka kazi iliyoandikwa ili isipotee imezoeleka kuwa hifadhi. Mkoa wa Mara nao haukuwa mbali na mambo haya. Katika miaka hiyo ya 2000 wilaya za Bunda na Serengeti zilikuwa mahali pa majaribio ya mtandao wa mawasiliano vijijini, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia pamoja na chuo kikuu cha KTH cha Sweden. Hivyo walimu na watumishi wa huko walikutana na kompyuta zenye kuunganishwa kabla ya wengi wa vijiji vingine.

Mwenyeji na mgeni

Sasa tuitazame kazi tuliyoitaja mwanzoni. Kompyuta moja yaweza kuendesha programu inayoiga kompyuta nzima, yenye diski yake, kumbukumbu yake na mfumo wake wa uendeshaji. Mtumiaji huiona kompyuta ya pili ndani ya dirisha la ile ya kwanza. Akiiharibu, huifuta na kuanza upya, na kompyuta yenyewe haipati dhara. Jambo hili si geni. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 ilitangaza mfumo ulioitwa VM/370 kwa kompyuta zake kubwa. Mwaka wa 1999 kampuni ya VMware iliuleta uwezo huo kwenye kompyuta ndogo za mezani, na mwaka wa 2007 ikatolewa VirtualBox, ambayo mtu aweza kuitumia bila malipo.

Kompyuta inayobeba huitwa, kwa lugha za mafundi wa dunia, kwa neno lenye maana ya mwenyeji, na inayobebwa kwa neno lenye maana ya mgeni. Hapa Kiswahili hakihitaji kuhangaika, kwa sababu adabu ya mgeni na mwenyeji imejaa katika methali zetu. Mgeni huja na mahitaji yake. Hula chakula cha mwenyeji na hulala katika nyumba ya mwenyeji. Kompyuta mgeni nayo hula kumbukumbu ya mwenyeji wakati inapofanya kazi, na hulala katika diski ya mwenyeji wakati imezimwa. Mwalimu Julius K. Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka wa 1962 aliitumia methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliitumia kuonyesha kwamba katika jamii yetu kila aliye nyumbani ana sehemu yake ya kazi. Mafundi nao wana jembe lao la siku ya tatu, kwani mgeni asiyefanya kazi huzimwa ili kumbukumbu yake irudi kwa mwenyeji.

Jina la kitu chenyewe ndilo gumu zaidi. Wengine wamependekeza mashine pepe, kwa kufuata barua pepe, ambayo imekwisha kukubalika kila mahali. Hapa tuna maoni mawili. Kwanza, neno mashine kwa mwanakijiji wa Mara ni kinu cha unga, kama tulivyosema. Mtambo nao ni kitu kikubwa cha kiwandani. Kwa kuwa kinachoigwa ni kompyuta, yafaa kiitwe kompyuta. Pili, neno pepe kwa mkulima ni punje tupu isiyo na kiini, ile ambayo hupeperushwa na upepo wakati wa kupeta. Wako watakaosema kwamba maana hii inaliharibu jina. Sisi twaona kwamba inalisaidia. Pepe ina umbo la nafaka bila uzito wa nafaka, na kompyuta pepe ina umbo la kompyuta bila chuma cha kompyuta. Ila pawe na tahadhari moja: mwanafunzi aambiwe mapema kwamba pepe hii ina njaa ya kweli. Haina mwili, lakini inakula kumbukumbu na inachukua nafasi katika diski.

Hifadhi ya nje na hesabu yake

Tuchukue mfano wa mwalimu anayefundisha somo la kompyuta katika chuo kimoja cha Bunda. Ana kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 256. Ataka wanafunzi wajifunze kusimika mifumo mitatu ya uendeshaji bila kuigusa kompyuta yenyewe. Kila kompyuta pepe yaomba gigabaiti 40 za diski, yaani jumla 120. Mfumo wa mwenyeji na majalada ya mwalimu yamekwisha kuchukua gigabaiti 150. Zimebaki 106. Wageni watatu hawaenei. Hapa ana haja ya hifadhi, na diski ya nje itamfaa.

Lakini tuseme kwamba shida yake ni nyingine. Wageni watatu wameenea diskini, ila akiwawasha wote kwa pamoja kompyuta yakwama. Mwenyeji ahitaji gigabaiti 3 au 4 za kumbukumbu, na kila mgeni ahitaji walau 2. Jumla yapita 8. Mwenyeji akikosa nafasi huanza kuhamisha sehemu za kumbukumbu kwenye diski na kuzirudisha, jambo ambalo kompyuta ya Atlas ya Manchester ilikwisha kulifanya mwaka wa 1962. Njia hiyo huokoa kazi isisimame, lakini huifanya iende kwa mwendo wa kobe. Mwalimu huyu akinunua diski ya nje, hata iwe ya ukubwa gani, shida yake haitakwisha. Amejenga kihenge cha pili wakati mdomo wa mashine ndio mdogo. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu, ikiwa kompyuta yake inaruhusu, au kumwasha mgeni mmoja mmoja. Na kompyuta mpakato nyingi za siku hizi haziruhusu, kwa kuwa kumbukumbu yake imechomelewa kwenye ubao wa ndani. Basi mwalimu akiandika kwa mkuu wake kwamba aomba kuongezewa kumbukumbu, na mkuu akaelewa diski, shilingi zimekwenda na somo limekwama palepale.

Hata pale ambapo diski ya nje ndiyo dawa, si kila diski yafaa. Diski ya kuzunguka, ambayo aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, hufaa kwa majalada yanayosomwa kwa mfululizo, kama picha na sauti. Kompyuta pepe husoma na kuandika vipande vidogo vidogo mahali pengi kwa wakati mmoja, na diski ya kuzunguka huchoka kwa kazi hiyo. Diski isiyo na sehemu inayozunguka hulimudu jambo hili. Kwa jina lake twapendekeza diski mango. Mango ni jiwe gumu la mviringo la kupondea, na wanafizikia wamelitumia neno hilo kwa hali ya kitu kigumu kisichomiminika. Kwa hiyo neno linabeba maana iliyokusudiwa.

Mlango wa kuunganishia nao una daraja zake. USB ya daraja la 2, iliyotoka mwaka wa 2000, hupitisha biti milioni 480 kwa sekunde kwa kiwango cha juu. Ya daraja la 3, iliyotoka mwaka wa 2008, ilianza na biti bilioni 5. Diski nzuri ikichomekwa katika mlango wa zamani ni sawa na gari jipya katika njia ya mchanga. Isitoshe, mpangilio wa diski huweza kuwa kizuizi. Mpangilio wa FAT32, ambao diski nyingi ndogo huja nao, haukubali jalada moja linalozidi gigabaiti 4, na diski ya kompyuta pepe ni jalada moja kubwa kuliko hilo. Wengi hudhani kwamba diski ni mbovu, kumbe ni mpangilio tu. Yafaa kuubadili uwe exFAT, NTFS au mwingine unaokubaliwa na mfumo wa mwenyeji, baada ya kutoa kwanza yaliyomo. Mwisho, diski ya nje isichomolewe wakati mgeni yu macho. Kufanya hivyo ni kubomoa nyumba mgeni akiwa amelala ndani yake.

Akiba, ghala na hifadhi

Maneno matatu yagombea nafasi ya kihenge katika istilahi zetu. Akiba ni neno zuri, lakini maana yake ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya siku ya shida. Jalada ninalolitumia kila asubuhi si akiba. Twaona kwamba akiba ibaki kwa nakala ya pili, ile ambayo mtu huiweka mbali ili ya kwanza ikipotea asilie. Ghala ni jengo kubwa la kuwekea bidhaa za watu wengi, nalo limekwisha kuanza kutumiwa kwa mkusanyiko mkubwa wa data za taasisi. Libaki huko.

Hifadhi ndilo neno tunalolipendelea, ingawa lina vipingamizi viwili vya kujibiwa. Cha kwanza chatoka Bunda yenyewe. Hapo, penye lango la Ndabaka kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, hifadhi ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mtu akisema hifadhi imepanuliwa, wakulima huanza kuulizana juu ya mashamba yao. Jibu letu ni kwamba neno likiwa na kivumishi chake halileti utata: hifadhi ya taifa ni ya wanyama, hifadhi ya data ni ya kompyuta. Maana ya shina ni moja, yaani kukilinda kitu kisipotee.

Kipingamizi cha pili chatoka chuoni. Mtoto wa madrasa huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni. Je, kuhifadhi si kukumbuka? Hapa ndipo lugha inapotusaidia. Aliyehifadhi sura amekwisha kuiweka; akilala na kuamka, ingali yupo nayo. Kukumbuka ni tendo la kuileta mbele ya akili wakati anapoihitaji. Kuhifadhi hudumu, kukumbuka ni kwa saa ile. Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyoko baina ya diski na kumbukumbu ya kompyuta. Hatukuhitaji kuiunda, ilikuwamo katika Kiswahili kabla ya kompyuta.

Mapendekezo

Kwa hiyo twawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa umma wayafikirie mapendekezo yafuatayo, wayajaribu katika kazi zao, na watuletee maoni:

(a) Kumbukumbu itumike kwa mahali ambapo kompyuta hufanyia kazi kwa wakati ule tu. Palipo na hofu ya kuchanganya, isemwe kumbukumbu ya kazi.

(b) Hifadhi itumike kwa mahali pa kuwekea data zinazobaki umeme ukikatika. Iliyomo ndani ya kompyuta iitwe hifadhi ya ndani, na inayochomekwa iitwe hifadhi ya nje.

(c) Diski ya kuzunguka na diski mango ziwe majina ya aina mbili za diski.

(d) Nakala ya akiba iwe jina la nakala inayowekwa mahali pengine kwa tahadhari.

(e) Kompyuta pepe iwe jina la kompyuta inayoigwa. Kompyuta mwenyeji, ile inayobeba. Na kompyuta mgeni, ile inayobebwa.

(f) Katika barua na zabuni za Serikali, neno kumbukumbu likikusudiwa kwa maandishi ya ofisi lifuatwe na jina la kinachohusika, mathalani kumbukumbu za mkutano au kumbukumbu za watumishi.

Hitimisho

Istilahi hazishuki zikiwa zimekamilika. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar mwaka wa 1963, kisha akaipitia na kuitoa upya mwaka wa 1969. Ikiwa Rais wa nchi, mwenye kazi nyingi, hakuona aibu kulirudia neno alilokwisha kulichapa, hapana sababu kwa ofisi zetu kuling'ang'ania neno kwa kuwa tu lilitangulia.

Kwa wanaohitaji kuanza kesho asubuhi, twatoa mfano wa maneno ya kuandika. Badala ya kuandika, Twaomba kuongezewa kumbukumbu ya kompyuta, afisa na aandike hivi: Twaomba diski mango moja ya hifadhi ya nje, ya gigabaiti 500, yenye kuunganishwa kwa USB ya daraja la 3, kwa ajili ya kuhifadhi kompyuta pepe za kufundishia. Na ikiwa haja yake ni ile nyingine, aandike: Twaomba kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 8, ya kuongezwa juu ya zile 8 zilizopo, baada ya fundi kuthibitisha kwamba kompyuta hii inaikubali. Barua hizo mbili zaomba vitu viwili tofauti, kwa bei mbili tofauti, na mhasibu wa Musoma atakayezisoma hatahitaji kupiga simu kuuliza.